Mataruma Ndani ya Nyumba

Taruma, ile boriti inayolazwa chini ya reli, likicheza halionekani kwa macho. Ninyi vijana mnaoanza kazi ya njia ya reli hapa Kamina mtaambiwa muangalie, muangalie tena, nanyi mtaangalia mpaka macho yatoe machozi na hamtaona kitu. Chukueni nyundo, mgonge, msikilize. Taruma lililokaa vizuri juu ya kokoto linajibu kwa sauti fupi, kavu. Linalocheza linajibu kama sufuria tupu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kazini, na ndilo la kwanza ninalowapa kabla hamjachoka kusoma mwandiko wangu.

Mwandiko wenyewe nisameheni. Naanza mstari kwa herufi kubwa za shuleni, nikifika katikati zimesinyaa, na mwisho wa mstari hata mimi mwenyewe sizisomi. Numbi, mke wangu, anasema naandikia sisimizi. Si uzembe. Nina ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo ambao hauponi, na kazi yake ni kupunguza: unapunguza herufi, unapunguza sauti, unapunguza hatua. Hamu yangu ya kusimulia haujaigusa, na Numbi anasema hapo ndipo ungeanzia kama ungekuwa na huruma kwa wengine.

Mimi ni Banza. Nilikuwa kapita wa ekipi ya njia, yaani msimamizi wa wale wanaume wanaonyanyua reli, wanaoshindilia kokoto na kubadilisha mataruma. Nitawasimulia kazi, lakini nitawasimulia pia jinsi mwaka jana nilivyokaribia kuondolewa katika nyumba hii ninamoandikia. Aliyekuja kuniondoa hakuwa adui. Alikuwa Sylvain, mwanangu mwenyewe, mtoto mwema kuliko nilivyostahili, na alikuja na tiketi tatu za treni ya kwenda Lubumbashi: moja yake, moja ya mama yake na moja yangu.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha. Kapita Mutombo alikuwa mtu wa Kasai, mfupi, mwenye kikombe cha bati cha chai ambacho hakikutoka mkononi mwake. Wiki yangu ya kwanza alinipa mataruma kumi niyashindilie. Nilifanya kazi kama mwendawazimu. Saa nne reli ilikuwa imenyooka, nikasimama pembeni nikingojea sifa. Mutombo akapanda kitoroli chetu, kile cha kusukuma kwa mikono, na chai yake, akapita juu ya kazi yangu. Kitoroli kikalala upande, chai yote ikaingia kifuani mwake.

Alishuka taratibu, akakamua shati. "Weye mutoto," akasema, "unajaza kokoto upande moja. Ule ingine unaachia nani?"

Nilikuwa nimeshindilia upande wa ndani tu, kwa sababu upande wa nje ulikuwa na jua na ndani kulikuwa na kivuli cha behewa lililosimama njia ya pili. Nilirudia kazi yote mpaka jioni, na siku saba zilizofuata mimi ndiye niliyemchemshia chai. Kwa hiyo ninyi shindilieni pande zote mbili, na msianze kujisifu kabla kitoroli hakijapita.

Mutombo alinifundisha pia kutembea. Mtacheka, mtu mzima anafundishwa kutembea. Lakini mataruma hayakupangwa kwa ajili ya miguu ya binadamu. Ukikanyaga kila moja unachoka, ukiruka moja unapasuka msamba. Mgeni wa kazi anainamisha kichwa, anatafuta pa kuweka mguu, na baada ya kilomita mbili shingo inamuuma kuliko miguu. Mutombo alisema niangalie mbele, mataruma matatu au manne mbele yangu, na miguu itakuja yenyewe. Nilimwona mjinga. Baada ya mwezi nilikuwa natembea kilomita kumi nikipiga mluzi, kutoka kituo mpaka pale njia inapopinda kuelekea Kaniama, na kurudi.

Miguu hiyo ndiyo iliyokuja kunitania baada ya kustaafu.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kinatetemeka nikiwa nimekaa bure, kama kinahesabu shanga. Nilikificha mfukoni. Kisha mkono mzima. Majirani walinipa maelezo yao kwa ukarimu mkubwa. Mmoja alisema nimelishwa kitu. Mwingine alisema ni pombe ya siku zilizopita inadai haki yake, na huyo nilimheshimu kidogo kwa sababu alinifahamu ujanani. Shemeji yangu alinong'ona kwamba kuna mtu wa ukoo ananifunga. Sylvain ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu kule Lubumbashi. Daktari alinitembeza kwenye korido, akanigongesha vidole, akanigeuza kama fundi anayekagua behewa, kisha akaniambia jina la ugonjwa. Akaniambia hauui haraka na hauondoki. Nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kusikia mabaya zaidi. Niliporudi Kamina ndipo nilipolia.

Sitawaficha. Miezi mitatu sikutoka nje ya uzio. Niliona aibu. Kapita mzima, niliyekuwa nasimamia wanaume ishirini, nilikuwa nashindwa kufunga vifungo vya shati. Nililala mchana, nikanuna, nikamgombeza Numbi kwa sababu ya chumvi. Alinivumilia mwezi mmoja. Mwezi wa pili alianza kunitania, na hiyo ilikuwa dawa ya kwanza iliyofanya kazi. Aliniwekea kikombe cha chai mkononi akasema, "Shika tu, sukari itajikoroga." Nilitaka kukasirika nikashindwa, na chai ilinitoka puani.

Vidonge pia vilisaidia, nisiwe mwongo. Vina saa zake, na mimi mtu wa reli naheshimu saa. Daktari alinieleza nisivimeze pamoja na samaki wala maharagwe, maana chakula cha namna hiyo kinaziba njia ya dawa. Basi kidonge kwanza, bukari, yaani ugali wetu, na samaki baadaye, na katikati nangojea. Dawa ikifika natembea. Dawa ikiondoka, miguu inaganda.

Kuganda huko mkuelewe vizuri, maana mtakutana na mtu wa namna yangu. Si maumivu, si udhaifu. Natembea vizuri, nafika kwenye mlango, na miguu inashikwa na sakafu. Kichwa kinasema nenda, kifua kinakwenda, miguu imebaki. Ukinivuta mkono naanguka. Ukinipigia kelele naganda zaidi. Ninachohitaji ni wewe usimame, unyamaze, na kama unataka kusaidia, uweke mguu wako mbele ya wangu, kwa kukingama, nipate kitu cha kuvuka. Nikishapata kitu cha kuvuka, nakwenda.

Hilo la kitu cha kuvuka sikulijua kwa daktari. Nililijua kwenye reli.

Numbi alinilazimisha siku moja nimsindikize sokoni. Kati ya nyumba yetu na soko kuna njia ya pembeni, ile iliyoota majani ambako mabehewa mabovu yamelala na treni haipiti tena. Barabarani niliburuta miguu kama mtu aliyevaa sapatu za mwenzake. Niliganda mara mbili. Tulipofika relini nikakanyaga taruma la kwanza, nikatupa macho mbele kwa mazoea, na miguu ikaondoka. Taruma baada ya taruma, mguu huu, mguu ule, mikono inapiga. Sikuvuka reli, niliifuata. Nilikuwa nimefika kwenye behewa la tatu nilipomsikia Numbi nyuma, na kikapu kichwani, anakimbia.

"Banza," alisema alipopata pumzi, "weye uko mugonjwa ao ulikuwa unanichezea tu?"

Nilishuka kutoka kwenye mataruma kumjibu, na hapo hapo nikaganda. Nikapanda tena, nikatembea. Nikashuka, nikaganda. Tulirudia hivyo mpaka tukasahau soko. Numbi alikaa juu ya reli akacheka huku anafuta macho, na mimi nilijua kwamba hakuwa anacheka tu. Jioni hiyo tulikula sombe tupu, majani ya mihogo bila samaki, na tulikula kwa furaha.

Nilimwendea Kabange kesho yake. Kabange anakaa ng'ambo ya barabara. Tulifanya kazi ekipi moja tangu tulipokuwa hatuna ndevu, na hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa reli. Nilimweleza. Hakushangaa. Alisema kama Banza hawezi kwenda kwenye mataruma kila mara, mataruma yaje kwa Banza. Tukachanganya chokaa kwenye ndoo, tukaamua kuchora mistari sakafuni, kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka jikoni, kisha uani mpaka chooni na mpaka kwenye lango.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani watu wa njia ya reli peke yao wanaweza kulifanya. Kabange alileta kipimo chake cha kazi, ule mti wenye alama tuliokuwa tunapimia nafasi kati ya taruma na taruma. Tulipiga magoti wazee wawili, tukapima mara mbili kila mstari, tukagombana juu ya kona ya jikoni, tukafuta, tukachora upya. Kazi ilipokwisha tulisimama tukaitazama. Ilikuwa imenyooka kwa namna ambayo mkaguzi yeyote angetia sahihi. Numbi alitoka jikoni akaangalia mistari, akaangalia miguu yangu, akauliza kama hatukuiweka mbali sana.

"Traverse habatiake ovyo-ovyo," Kabange alimjibu, yaani mataruma hayawekwi ovyo. "Iko na kipimo yake."

Nikavua viatu, nikaanza. Mstari wa kwanza nilifika. Wa pili nilifika kwa kujinyoosha kama mtu anayeruka mtaro. Wa tatu sikufika. Mbele yangu kulikuwa na beseni la sombe ambayo Numbi alikuwa ameitwanga asubuhi nzima, na nililala humo kifudifudi. Kabange alipoona sijaumia alianza kupima tena nafasi ya mstari wa tatu, kuhakikisha kwamba kosa si la kipimo.

Numbi alinifuta uso. Kisha akaenda jikoni akarudi na mwiko wa bukari.

"Ile kipimo iko ya treni," alisema. "Huyu iko bwana yangu, haiko treni."

Alifuta kazi yetu yote kwa maji na gunia. Akanisimamisha, akaniambia nitembee ninavyotembea, si nilivyokuwa natembea, akaona hatua yangu inalingana na mwiko mmoja na kiganja. Akachora mwenyewe, mistari iliyopindapinda ambayo ingemfukuzisha kazi mtu wa ekipi yangu. Mimi nikatembea juu yake kutoka chumbani mpaka jikoni, nikageuka, nikarudi. Kabange alisema imepinda. Lakini nilimwona anageuza uso, na Kabange ni mtu asiyependa kuonekana analia.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina mataruma. Katekista alipokuja kunitembelea alivuka mstari kwa mstari, kwa adabu, kisha akauliza kama ni desturi ya ukoo wetu. Nilimjibu kwamba ndiyo, ukoo wa reli.

Sasa Sylvain. Ninyi mlio mbali na wazazi mtamwelewa haraka kuliko mimi nilivyomwelewa. Mtu mmoja wa hapa alimpigia simu akamwambia ameniona nimeanguka sokoni. Ilikuwa kweli. Mimi na Numbi tulikuwa tumepatana kwamba maanguko hayasemwi kwenye simu, kila akiuliza jibu ni kwamba tuko vizuri. Basi akapanda treni akaja. Alifika na zile tiketi na uso wa mtu ambaye ameshaamua. Alisema nyumba yake ina chumba cha chini, kuna msichana wa kazi, hospitali iko karibu. Alisema yote hayo amesimama, hakukaa.

Numbi alimjibu kwamba nikienda atakwenda. "Tena mihogo yangu mu shamba," akaongeza, "itabaki kuchungana yenyewe." Sikupata usingizi mzuri. Nyumba hii tuliijenga kwa matofali tuliyochoma wenyewe. Namjua kila mtu anayepita barabarani, na asiyenijua mimi anamjua Numbi. Huko Lubumbashi ningekuwa mzee wa mtu. Hapa ni Kapita Banza anayetetemeka, na tofauti hiyo kwangu ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa.

Treni ya kurudi ilikuwa bado upande wa Mwene-Ditu, siku ya kufika haijulikani. Kwa hiyo Sylvain alikaa, akatazama. Aliniona nikiamka, nikifuata mistari yangu, nikichemsha maji, nikivaa shati kwa nusu saa bila kuomba msaada. Nilijitahidi kama kijana anayekaguliwa, na siku tatu sikukosea.

Siku ya nne mvua ilinyesha asubuhi ikaosha chokaa ya langoni. Nilikuwa namsindikiza Sylvain kwenda kwa Kabange, nikijionyesha, naongea kwa mbwembwe. Nilifika langoni, nikatafuta mstari, haukuwapo. Kifua kikaenda, miguu ikabaki. Nilianguka mbele yake, matopeni, kwa urefu wangu wote.

Alinikalisha. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Tulikaa hapo hapo chini, baba na mwana, suruali zimelowa.

"Papa," akasema, "sema ukweli. Unaangukaka mara ngapi?"

Nilimwangalia Numbi aliyekuwa amekuja mbio. Nikaona nimechoka na uongo wetu. "Hii mwezi, mara ine. Na hii ya leo, njo tano."

"Sita," akasema Numbi. "Ile ya ku choo hauhesabu?"

Nilifikiri Sylvain atasema, umeona, twende. Badala yake alijifunika uso. "Minyi siogope weye kuanguka," alisema. "Niko naogopa simu. Kila mara simu ya Kamina inalia, minyi nasema basi, Papa amekwisha. Mama anasema kila kitu iko bien, na sauti yake haiko bien. Sijue tena kitu gani iko kweli. Njo juu ya ile nilikuya."

Jamani, nilikuwa nimejiona mimi ndiye mgonjwa. Sikujua kwamba kwa kuficha kwetu tulikuwa tumemfanya mtoto wetu aishi na hofu kila siku, mbali, peke yake. Nilimshika shingo kwa mkono wangu wa kulia, huu unaotetemeka, akacheka kidogo kwa sababu ulikuwa unamtekenya.

Kisha nilimwambia yaliyokuwa moyoni. "Kule kwako batanipenda sana. Batanileta maji, batanileta bukari, batanishika mukono mpaka ku choo. Kisha mwezi moja, hii miguu itasahau kazi. Hapa niko napigana nayo ku kila mulango. Niache nipigane."

"Na siku utashindwa?"

"Siku nitashindwa, minyi mwenyewe nitakuita. Haiko Mama, haiko Kabange. Na kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, nitakuambia nilianguka mara ngapi. Bila kuficha."

Aliniinua, akaniwekea mguu wake mbele ya wangu, nikavuka, tukaingia ndani kubadilisha nguo. Usiku huo hakuna aliyegusa habari hiyo tena. Asubuhi nilisikia kitu kinakwaruza uani. Nilitoka kwa mistari yangu mpaka barazani, nikamkuta Sylvain amepiga magoti langoni na ndoo ya chokaa, anapima kwa mwiko wa mama yake. Alikuwa ameshafika nje ya uzio, anaelekea barabarani. Nilisimama nikamtazama, na sikuthubutu kusema kwamba mstari wa pili umepinda.

Tangu hapo naripoti kila Jumapili. Wiki moja nikamwambia sikuanguka hata mara moja, hakuamini, akamwomba mama yake kwenye simu athibitishe. Naendelea kutetemeka, na kuna siku mbaya ambazo nalala mchana na sitaki kuona mtu. Huwa nasema wazi kwamba leo ni mbaya, na Numbi ananiacha mpaka jioni, kisha ananitania. Kabange ametufungia bomba la kushikilia chooni, na amelipima kwa kipimo chake. Tumemwachia hilo.

Treni ya Sylvain ilifika siku ya tisa tangu aje. Tulikwenda kituoni sote, mimi kwa kidonge cha saa tatu kilichofika kwa wakati, Numbi na kikapu cha unga na mihogo mikavu ya kupeleka kwa wakwe wa Sylvain. Jukwaani kulikuwa na watu wengi, magunia, kuku na kelele. Sylvain alipanda, akatokea dirishani. Mfanyakazi mmoja wa treni, kijana niliyewahi kumwona akianza kazi, aliniona nimesimama karibu na mlango wa behewa, akashuka ngazi na kunyoosha mkono anishike.

"Kapita, kuya nikupandishe. Weye njo unasafiri?"

"Hapana," nikamwambia. "Minyi niko nasindikiza mutoto."

Tulisimama mpaka behewa la mwisho lilipopita. Kisha mimi na Numbi tulirudi nyumbani kwa miguu.